Chaneli za YouTube tulizozipima nyumbani kwetu Busia

Mbele ya karakana ya kaka yangu hapa Busia, upande wetu wa Uganda, kuna baiskeli moja ambayo ukiipanda utaanguka tu, hata kama umeendesha baiskeli miaka thelathini. Ukikata handeli kushoto tairi ya mbele inaenda kulia, ukikata kulia inaenda kushoto, tofauti ni hiyo peke yake, vingine vyote ni vya kawaida, pedeli, cheni, breki, kiti. Vijana wa boda wanapita wanauliza hii nayo ni kitu gani, lete hapa, wanapanda, mita mbili chini. Wazee waliokuwa wanavusha watu mpakani kwa baiskeli zamani, na mjue hilo neno boda boda lilizaliwa huku kwetu mpakani, abiria akibebwa kwenye keria kutoka boda hadi boda, hata wao wakijaribu ni mita mbili chini.

Kaka alitoa wazo hilo kwenye chaneli inaitwa SmarterEveryDay, ya injinia mmoja wa Alabama kule Marekani, Destin Sandlin. Video yenyewe ni ya 2015, dakika nane hivi. Wachomeleaji wa kazini kwake walimtengenezea baiskeli iliyogeuzwa hivyo, yeye akadhani atapanda aondoke, ikamshinda. Kilichonivuta mimi ni kwamba hafichi, unamwona anaweka mguu chini, anaanza tena, anayumba, anaanza tena, dakika tano kila siku kwa miezi minane, alafu siku moja mwili unakubali anaenda. Akampa mtoto wake mdogo baiskeli kama hiyo, mtoto akachukua wiki mbili tu! Na mwishoni anaenda Amsterdam, mji wa baiskeli, anapanda baiskeli ya kawaida mbele za watu anashindwa, inamchukua kama dakika ishirini mpaka ule ujuzi wa zamani urudi. Anachotuonyesha ni kwamba kujua kitu na kukiweza ni mambo mawili, kichwa kinaweza kuelewa kabisa handeli inafanya nini lakini mikono ikakataa.

Sasa kaka ni fundi baiskeli, Kiingereza chake kidogo, siku hiyo binti yake wa S.2, yaani mwaka wa pili wa sekondari, ndiye alikuwa anatutafsiria, amesimama kando ya simu kama VJ wa kibandani, yule anayewatafsiria watu filamu kwa maikrofoni. Video ilipoisha kaka hakusema kitu. Kesho yake napita kumpelekea chai namkuta ameshafungua baiskeli kuukuu, anatafuta gia mbili zenye meno yanayolingana, akazipata kwenye mashine ya kupukuchua mahindi iliyokufa kitambo, moja akaichomelea kwenye shina la handeli na nyingine kwenye shina la foku, zikaumana, ukizungusha hii kulia ile inarudi kushoto. Kazi ilikuwa kwenye umbali, zikikazana sana handeli haizunguki, zikiachana kidogo tu meno yanaruka. Alichomelea akavunja akachomelea tena mara nne. Ilipokubali akaiweka nje na kutangaza kwamba atakayeenda mita kumi bila kuweka mguu chini anazibiwa panchari bure. Mpaka leo waliofaulu ni wawili tu nje ya familia. Mwanangu wa miaka tisa alichukua siku kumi na tisa, kaka mwenyewe alichukua miezi mitano, ni yale yale ya kwenye video, mtoto anapokea haraka kuliko mtu mzima.

Nimeanza na hiyo juu kipimo changu cha chaneli ni hicho. Simu ikizimwa, watu wa nyumbani wanafanya nini? Kama wanainuka wanaenda kutafuta udongo, kalamu, jembe, spana, ama hata wanabaki wamekaa wanabishana juu ya walichoona, chaneli hiyo inakaa. Kama wanabaki wameduwaa wanataka nyingine na nyingine, naiondoa, hata iwe na watazamaji milioni ngapi.

Haya mambo nilianza nayo kwa shida, sikuanza kwa starehe. Mnakumbuka shule zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguka kwa wote mpaka Januari 2022, karibu miaka miwili, hakuna nchi nyingine duniani ilifunga muda mrefu kama sisi. Mimi nauza vyombo vya plastiki sokoni, mabeseni, jeri kani, ndoo, na nyumbani kulikuwa na watoto wanne, wangu wawili na wawili wa kaka, na mama yangu mzee. Tulikuwa na simu moja yenye kioo kilichopasuka. Nikaona watoto wanaangalia vitu ambavyo mimi mwenyewe sivielewi, magari yanagongana, watu wanapiga kelele, nikasema hapana, kama data ni pesa yangu basi nichague. Miaka hii yote nimekuwa nachagua, ninayoyaandika hapa ni yale yaliyobaki.

Kwa wadogo kabisa anzeni na Ubongo. Hawa ni Watanzania, wako Dar es Salaam, walianza kurusha katuni yao ya Ubongo Kids kwenye televisheni Januari 2014 na sasa ziko YouTube kwa Kiswahili. Ubongo Kids ni ya wale wa shule ya msingi, hesabu na sayansi ndani ya hadithi, na kuna nyimbo ambazo zinakaa kichwani mpaka unajikuta unaimba sokoni. Ya wadogo zaidi ni Akili and Me, Akili ni msichana wa miaka minne anayeishi na familia yake chini ya mlima Kilimanjaro, akilala anaingia nchi ya ndotoni inaitwa Lala Land na huko ana rafiki zake wanyama, wanahesabu, wanachora, wanajifunza herufi. Polepole, hakuna makelele, hakuna picha zinazorukaruka kila sekunde. Nililipenda hilo kabla ya kitu kingine chochote, katuni nyingi za nje zinakimbia hadi mtoto akimaliza kuangalia anakuwa mkali.

Na kuna kitu sikukitarajia. Mama yangu ni Msamia, Kiswahili chake ni cha sokoni, bei gani, punguza, ongeza moja, basi. Alikuwa anakaa na kitinda mimba wangu kuangalia Akili, baada ya muda nikamsikia anamsahihisha mtoto, sema "wanyama wawili", usiseme "nyama mbili". Nikasimama mlangoni nikamsikiliza. Miaka sabini na kitu, anajifunza ngeli na mjukuu wake! Serikali ilikubali Julai 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni, ni vizuri sana, lakini walimu wa Kiswahili bado ni wachache, shule nyingi za huku hazina hata mmoja, kwa hiyo mzazi wa Mbale au Soroti au Kampala anayetaka mtoto wake ashike Kiswahili cha kweli, chaneli ya Ubongo inamsaidia kuliko kitabu anachonunua na hakuna wa kumsomea.

Ya pili kwa uzito nyumbani kwetu ni ambayo haina lugha kabisa. Inaitwa Primitive Technology. Ni mwanaume mmoja wa Australia, John Plant, yuko msituni kaskazini ya jimbo la Queensland, kaptula tu, miguu peku, hasemi neno hata moja tangu alipoanza 2015. Anaanza bila chochote, anapasua jiwe anapata shoka, shoka linakata mti, miti inakuwa nyumba. Video zake za mwanzo alijenga nyumba ya fito na udongo, mama alipoiona akacheka kwa furaha, akasema huyu mzungu amejenga nyumba niliyozaliwa. Alafu anaendelea, tanuru, matofali, vigae vya paa, kifaa cha kupulizia moto, hadi anafika kwenye chuma, anachota tope la rangi ya kutu kwenye kijito, anachanganya na mkaa, anachoma, anapata vipunje vidogo vya chuma kama mbegu za mtama.

Hapo ndipo mama alipotushangaza wote. Akasema hiyo kazi si ngeni, vilima vya Samia vina mawe ya chuma na wazee wetu walikuwa wanayayeyusha, wanafua majembe, majembe hayo yanauzwa mbali, mtu analipa nayo hata mahari. Mimi nimezaliwa hapa, nimesoma hapa, habari hiyo sikuwahi kumuuliza na hakuwahi kunipa. Video ya mtu wa Australia asiyesema kitu ndiyo iliyomfungua mdomo, tukakaa mpaka saa nne usiku anasimulia vile babu yake alivyokuwa anaelezea mivukuto, mmoja anapuliza mwingine anapumzika, na wanawake walivyokuwa wanabeba mkaa.

Kijana wangu mkubwa, wakati huo alikuwa na miaka kumi na nne, akaamua kutengeneza vigae. Udongo akachimba kwenye kichuguu, huo unashika vizuri. Vya kwanza vyote vilipasuka, kumi na viwili, alivianika juani kavu kavu. Akarudi kwenye video hakuona kosa lake, mpaka tukagundua siri ambayo nawaambia ninyi sasa, mwenye chaneli anaongea, ila kwa maandishi, lazima uwashe maandishi ya chini, kile kitufe chenye herufi CC, hapo ndipo anaeleza kila hatua. Tulikuwa tumeangalia miezi bila kujua! Kwenye maandishi tukaona anasaga vyungu vilivyokwisha kuchomwa anachanganya na udongo mbichi ili usipasuke. Kijana akasaga matofali yaliyovunjika akafanya vile vile, akaanika kivulini kwanza, safari hiyo viwili tu vikapasuka. Banda la kuku letu upande mmoja limeezekwa vigae vyake, nusu nyingine bado bati la zamani, na mvua ya Aprili haikupita upande wa vigae.

Kwa vile nimetaja kuku, sasa niseme jambo lililoniuma. Kuna chaneli moja, jina lake naliacha, ilikuwa na video ya mtu aliyevaa koti jeupe kama daktari anasema kuna dawa ya kuchanganya nyumbani inaponya kideri. Vifaranga vyangu vilianza kulegea, shingo zinapinda, nikafuata maelezo yake neno kwa neno. Asubuhi ya pili vifaranga ishirini na sita vilikuwa vimekufa, na mama kuku wawili. Daktari wa mifugo wa huku kwetu alikuja akaniambia kwa upole kabisa, mama, kideri hakina dawa, kirusi kikishaingia hakuna cha kumpa kuku, kinachosaidia ni chanjo kabla, ile ya kudondoshea jichoni, na unairudia kila baada ya miezi mitatu hivi. Kwa hiyo mtu yeyote anayekuuzia tiba ya kideri kwenye video, hata awe na koti jeupe na sauti nzuri, funga. Tangu siku hiyo sifuati chaneli ya kilimo kabla sijaona anayefundisha ni nani, na kama shamba analoonyesha ni la mtu kweli.

Ndiyo maana kwenye kilimo nawapeleka kwa Shamba Shape Up. Ni kipindi cha Kenya, kilianza 2012, sisi wa mpakani tulikuwa tunakipata kwenye Citizen TV kabla hata hatujajua YouTube. Wanaenda kwa mkulima mdogo, mwenye ekari moja au mbili, ng'ombe wawili, banda linalovuja, wanaleta wataalamu wanakaa naye siku kadhaa wanarekebisha shamba naye akiwa anashika nyundo. Kuna matoleo ya Kiswahili, hakikisheni mnachagua hayo. Nakipenda juu unamsikia mkulima anauliza maswali yale yale ningeuliza mimi, hii ni bei gani, nikikosa hiyo nitumie nini, na mtaalamu analazimika kujibu. Upungufu wake ni kwamba bei na majina ya mbegu ni ya Kenya, ukivuka huku duka la pembejeo unakuta mbegu nyingine, kwa hiyo chukueni mbinu, majina ya pakiti muulize hapa hapa.

Karibu na hapo kuna Access Agriculture, hawa video zao ziko kwa lugha nyingi mno, Kiswahili kimo na Kiganda kimo, wakulima wenyewe ndio wanaoonyesha. Hazina mbwembwe, zingine zinaenda taratibu sana, lakini ukitaka kujua kitu kimoja, kutengeneza mboji kwa mfano, utakipata kamili.

Na wengine ni SAWBO, katuni fupi fupi kutoka chuo kikuu huko Marekani, dakika chache tu, wanaweka sauti kwa lugha tofauti na Kiswahili kipo. Yao ya kuhifadhi maharagwe kwenye jeri kani mimi naonyesha wateja wangu sokoni, juu nauza jeri kani. Maharagwe yakauke sawasawa kwanza, yapoe, ujaze jeri kani mpaka mdomoni, unaitingisha yashuke unajaza tena, alafu kifuniko kinakazwa kabisa, hewa isipite. Fukusi waliomo wanamaliza hewa iliyobaki wanakufa. Nilijaza jeri kani tatu za lita ishirini mwezi wa saba, nikafungua mwezi wa kwanza. Ya kwanza na ya pili maharagwe safi, hakuna tundu, hakuna unga unga chini. Ya tatu ilikuwa na kifuniko chenye ufa mdogo ambao sikuuona, huko fukusi walikuwa wanatembea. Sasa nikiuza jeri kani kwa ajili ya maharagwe najaza maji kwanza naipindua mbele ya mteja, ikidondosha hata tone naweka kando.

Kwa wa sekondari, Khan Academy. Historia yake watu wengi wameisikia, Salman Khan alikuwa anamfundisha binamu yake hesabu kutoka mbali mwaka 2004, baadaye akaanza kuweka masomo YouTube, na 2008 ikawa taasisi, yote bure. Huoni uso, ni sauti na mkono unaandika kwenye ubao mweusi. Mtoto wa kaka, huyo wa S.2, aljebra ilikuwa imemkwamisha, anajua kufuata hatua lakini hajui kwa nini namba ikivuka alama ya sawasawa inabadilika. Akanifuata jikoni anasema, "Shangazi, kumbe haivuki!" Haivuki vipi? "Unaondoa kitu kile kile pande zote mbili, kama mizani yako ya sokoni." Mimi sijasoma aljebra ya maana lakini mizani naijua, nikaelewa papo hapo nikiwa nimeshika mwiko. Hiyo ndiyo sifa ya yule mwalimu, hana haraka, anarudia, ukimsimamisha hakasiriki. Shida ni Kiingereza chenye kasi ya Kimarekani na mifano yenye senti na maili, na mtaala wetu mpya wa sekondari ya chini una miradi mingi ya kufanya ambayo yeye hana. Mtumieni kwa hesabu na fizikia za msingi, kwa mradi wa shule nendeni kwa wale wa matofali na jeri kani.

Zingine nitazipitia kwa haraka. Mark Rober ni injinia aliyewahi kufanya kazi NASA kwenye kile chombo cha Curiosity kilichotua sayari ya Mars 2012, sasa anatengeneza vitu vikubwa vya kuchekesha, uwanja mzima wa vikwazo kwa ajili ya kindi wanaoiba chakula cha ndege, watoto wanaangalia bila kujali lugha na baadaye wanauliza maswali mazuri. Kurzgesagt, Wajerumani wa Munich, katuni za rangi nzuri kuliko zote nilizoona, nyota, chembe za mwili, kinga ya mwili, ila maneno ni mazito na yanaenda mbio, mtu asiye na Kiingereza cha kutosha ataona ndege wa rangi tu. Unaweza kuwasha tafsiri ya maandishi ya Kiswahili ya mashine, inasaidia kidogo, kwenye sayansi inachanganya sana. Kwa habari na maelezo ya dunia tunaangalia BBC Swahili na DW Kiswahili, hao ni wakongwe wa redio, BBC tangu 1957 na DW tangu 1963, kwa hiyo Kiswahili chao kimepikwa kikaiva. Simulizi za watu maarufu na historia, Ananias Edgar na Denis Mpagaze wa Tanzania, sauti ile peke yake inatosha, nikiwa nafua naweka simu pembeni nasikiliza, ila msiishie hapo, mkisikia jambo kubwa la historia litafuteni na kwingine. Na Masaka Kids Africana, watoto wetu wa Masaka wanaocheza dansi, elimu ya darasani hamna, lakini nyumba yenye huzuni wekeni hiyo kwanza.

Gharama. Mnajua tulikotoka, Julai 2018 tulianza kulipa shilingi 200 kila siku kuingia mitandao, ikaondolewa, alafu tangu Julai 2021 kuna kodi ya asilimia 12 juu ya data yenyewe. Kwa hiyo video ni matumizi ya nyumba kama sabuni na lazima ipangiwe. Kwa simu yangu, picha ya ubora wa 360 saa moja inakula kama MB 300, ukiiacha simu ijichagulie picha kali itakumalizia bando kabla ya kipindi kuisha. Ingia kwenye ile alama ya gia weka mwenyewe. Khan Academy hata 240 inasomeka, simulizi weka 144 kabisa maana unasikiliza tu. Zima ile ya kujicheza video inayofuata, hiyo ndiyo inayowapeleka watoto kwenye magari yanayogongana. Mimi nanunua bando moja ya Jumamosi na tunaandika kwenye daftari wakati wa wiki nani anataka kuona nini, Jumamosi tunaangalia kwa pamoja, kila mtu zamu yake, na mama yangu zamu yake hapokonywi.

Nirudi kwa huyo VJ wetu. Wale mliokulia vibandani mnajua, filamu ilikuwa ya Kichina au Kimarekani lakini hatukuwahi kuhisi ni ya kigeni, VJ anashika maikrofoni anaigeuza Kiganda, anawapa wahusika majina ya mtaani, anaeleza kinachokuja, mpaka watu wanaenda kibanda fulani kwa ajili ya VJ na si filamu. Mtoto wa kaka amechukua kazi hiyo. Anaangalia video Ijumaa peke yake na daftari, anaandika maneno magumu, anatafuta Kiswahili chake, msuguano, mvutano, kani, Jumamosi anasimama mbele anaisimamisha kila akitaka kueleza. Akishindwa kupata neno anatuuliza, na hapo kaka anampa neno la karakana, kijana anampa neno la shule, tunabishana mpaka moja linashinda. Gia zinazoumana zikazunguka kinyume yeye alitaka kuziita jina refu la kitabuni, kaka akasema sisi tunaziita ndoa, moja ikienda huku nyingine lazima ije huku, jina likabaki hilo.

Majirani wameanza kuja. Jumamosi iliyopita walikuwa kumi na saba, wengine wamekaa juu ya mabeseni yangu ya kuuza yaliyofunikwa chini juu, simu tumeiegemeza kwenye sufuria ili sauti itoke. Zamu ilikuwa ya mama, akachagua yule wa Australia na chuma chake kwa mara ya nne, na safari hii hakutaka VJ wa Kiswahili. Alisogeza kigoda chake mbele akaanza kueleza mwenyewe, kwa Kisamia, na mtoto wa kaka akawa anamfuata nyuma kwa Kiswahili kwa ajili ya majirani Wateso na Waganda. Video ni ya dakika kumi na kidogo. Tuliimaliza baada ya saa moja na nusu.